Mbao za Chini ya Kitanda

Jericho, Nairobi
10 Agosti 2025

Kwako nyakwara, mjukuu wangu Amondi, bibi yangu mdogo uliyenitoroka ukaenda Lodwar,

Pokea salamu, na zikizidi wagawie wagonjwa wako. Mimi kwaro wako, babu yako, ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua kushinda redio. Masikio ndiyo hayo, yalibaki kwa karakana ya reli nikastaafu bila yao. Usinipigie simu, kila mtu huwa kama anaongea akiwa ndani ya debe. Andika, uweke kwa basi. Gumbaru, shule ya watu wazima, walinifundisha kusoma nikiwa na miaka arobaini, wacha hiyo masomo ifanye kazi.

Binamu yako Sylvance amepata mtoto msichana, wakampa jina la Dana yako, nyanya yako marehemu. Kwa hivyo Adhiambo amerudi kwa ukoo na ameshaanza kupiga kelele kama zamani.

Sasa maneno yenyewe. Huyo mchumba wako Kiarie alikuja Jumapili na mkate na maziwa pakiti nne. Nilimpima kwa macho. Mrefu, lakini mwembamba sana. Mtu akitaka kuiba bibi ya mwenyewe awe na mwili kidogo. Akaniambia wazazi wake watakuja kunijua tarehe sita Desemba. Akasema babake, Dedan, ni fundi wa mbao huko Kariobangi, miaka thelathini sasa. Tena akasema ataniletea TV mpya, ile nyembamba, inchi hamsini na tano, kwa sababu hii yangu ina mgongo kama ngamia.

Amondi, mdomo wangu unaujua. Nikamwambia, hiyo TV haitakaa kwa stendi ya duka, zile za unga wa mbao, ukimwaga chai zinafura kama mandazi. Mwambie babako nitaijengea stendi mwenyewe, mbao tupu, hapa hapa kwa nyumba, kwa mikono hii iliyotengeneza mabehewa. Nikamwongezea ile ya mwaka wa sabini na tatu, vile mlango wa behewa la wakubwa ulikataa kufunga, mafundi kumi na wawili wakashindwa, nikaja mimi na randa, nikapitisha mara moja tu, pya! ukafunga, na mkubwa akanipa mkono akasema, "Phares, wewe ndiye reli."

Kijana akasema babake atafurahi sana, ataikagua kila pembe. Kila pembe. Ndivyo alisema. Sasa nimeshasema na siwezi kurudisha, jina langu liko juu ya hiyo stendi kabla stendi haijakuwa.

Mbao si shida. Ziko zile nne za mvule chini ya kitanda, nilizopewa na mafundi wenzangu siku ya kustaafu, mwaka wa tisini na nne. Dana yako aliweka vitunguu juu yake miaka yote akingoja nimtengenezee kabati. Nilikuwa na shughuli nyingi.

Ni mimi mume wako wa kwanza,
Phares, fundi wa reli


Lodwar
2 Septemba 2025

Kwara wangu, niaje mzee wa mabehewa?

Barua yako ililala kwa ofisi ya basi siku tisa, nafikiri ilikuwa inaogopa joto kama mimi. Huku tuko salama. Wiki iliyopita mbuzi aliingia dispensari akala kadi za kliniki za akina mama sita, nimeziandika upya zote. Mwambie Sylvance hongera, na amwambie huyo Adhiambo mdogo kiti cha jikoni kina mwenyewe, ni mimi.

Mto wangu wa maranda ulipasuka, ule Dana alinishonea nikiwa darasa la tatu. Nimeushona tena. Wenzangu huuliza kwa nini nesi mzima analala juu ya takataka ya randa. Nawaambia hawajui usingizi.

Sasa Kwara, usikasirike. Nimekaa kwako tangu nikiwa na miaka minne na sijawahi kukuona ukipiga hata msumari. Picha ya Dana ilitundikwa na jirani. Mguu wa meza ulivunjika nikiwa darasa la sita na mpaka leo umefungwa na kamba ya katani. Hiyo stendi utaijenga na nini, na hadithi?

Kuna stendi nzuri za mbao zinauzwa pale barabarani. Nitanunua, iletwe siku Kiarie hayuko, mimi na wewe tunyamaze. Niambie ukweli tu, unataka nisaidie vipi?

Bibi yako mdogo asiyetoroka, aliyetumwa na serikali,
Amondi


Jericho
28 Septemba 2025

Kwa Amondi mwenye mdomo,

Salamu. Mimi ni mzima na goti limenyamaza. Sylvance anasema mtoto ameanza kucheka, hasa akiniona mimi. Sijui kwa nini.

Nimesoma matusi yako mara tatu. Fundi wa mabehewa hatengenezi mguu wa meza. Daktari wa moyo, wewe unaweza kumwita akukate kucha? Basi. Na hiyo ya kununua usiirudie, karatasi yenyewe iliona aibu.

Kazi imeanza. Kila asubuhi nabeba kiti changu naenda kwa Masinde, yule fundi wa karibu na soko. Ni fundi mzuri lakini anahitaji mtu mzima wa kumwangalia. Nakaa pale, naye ananieleza kila kitu anachofanya, anapiga kelele kwa sikio langu, ili mimi nione kama amekosea. Mpaka sasa hajakosea, kwa hivyo nimenyamaza. Siku moja nilimruhusu ashike mkono wangu juu ya randa tukasukuma pamoja, ndiyo ajue vile mkono wa mzee husikia mbao. Alishukuru sana.

Mbao moja imekuwa fupi. Mbao za zamani huwa zinafanya hivyo, ukizikata.

Mwandiko umepinda kwa sababu kidole gumba kiko kwa kitambaa. Patasi ilikuwa inanisalimia.

Vipimo viko. TV ni inchi hamsini na tano, kwa hivyo nimeiwekea nyumba yake ya inchi hamsini na tano, kuta mbili za kando, paa juu, droo mbili chini. Masinde alinipigia kelele kitu kuhusu hiyo TV, akachora hewani na kidole kutoka chini huku mpaka juu kule. Sikusikia, nikatingisha kichwa. Inchi ni inchi.

Huo mto usiutupe.

Phares, msimamizi wa Masinde


Lodwar
12 Oktoba 2025

Kwara,

Hatujambo. Nimecheka mpaka mgonjwa akaniuliza kama naumwa. Lakini hiyo patasi iliyokusalimia ilikuwa na kutu? Nenda kituo cha afya leo udungwe sindano ya pepopunda. Hii sasa si bibi yako anaongea, ni nesi.

Na sikiliza. Ukiona Desemba imekaribia sana, niambie. Nitawaambia watu wa Kiarie sikupata likizo, waje mwaka ujao, makosa yawe yangu. Hakuna atakayejua. Na hata hiyo stendi ikikataa kabisa, mimi bado ni wako. Mimi siolewi na stendi.

Kuna kitu Dana aliniambia kitambo, lakini nangoja wewe uanze.

Amondi

(Wiki tatu sasa hujajibu. Naituma hii tena, na salamu juu. 5 Novemba.)


Jericho
16 Novemba 2025

Nyakwara,

Barua zako zote mbili zimefika, acha kutuma kama unadai watu. Sindano nilidungwa, na nesi wa hapa ana mkono mzito kuliko wako. Sylvance na watu wake ni wazima. Mimi nilikuwa na mafua.

Mafua yenyewe yalianza siku mbao ya juu ilipasuka. Nilikuwa naipiga kwa nyundo iingie mahali haikutaka kuingia. Ikapasuka kutoka kichwa mpaka tumbo, mvule wa reli, miaka thelathini na moja chini ya kitanda changu. Nikatupa nyundo. Nikapanda kitandani, na kitanda kikawa kitupu chini, sikuwa nimezoea. Nikalala siku kumi. Watu wakauliza, nikasema mafua.

Siku ya kumi na moja Masinde akaja na chupa ya chai na gundi. Akaipaka pale kwa ufa, akaibana kwa vyuma, akanywa chai yake akaenda. Asubuhi ikawa imeshikana. Ukipitisha kidole utausikia ufa, ukiangalia huuoni. Nikarudi na kiti changu, lakini safari hii sikukikalia.

Sasa imesimama, Amondi. Pembe nne, zote zimeshikana kama vidole vya mikono miwili, hakuna msumari hata mmoja. Tatu zimekaza. Ya nne nimeiacha nafasi kidogo ya kupitisha hewa. Nimepiga msasa mpaka majirani wakakohoa. Vanishi mara tatu.

Lakini Dedan atapiga magoti aangalie chini na nyuma. Fundi huangalia hapo, mbele ni ya wageni. Niliwaona mafundi wakifanya hivyo miaka yote, walikuwa wanainama hivi, naye yule aliyekosea anaanza kuangalia dirisha. Tarehe sita mimi ndiye nitaangalia dirisha.

Lakini waje. Usiwaambie mwaka ujao. Nina miaka sabini na tano, mwaka ujao ni wa watu wengine.

Phares


Jericho
21 Desemba 2025

Kwa bibi yangu mdogo, aliyekuja siku nne akala kuku wangu akarudi jangwani,

Natumaini ulifika salama na mbuzi hawajakula dispensari yote. Mimi ni mzima. TV inaonyesha mpira mkubwa mpaka napisha wachezaji wapite.

Nakuandikia kitu hukukiona siku ya wageni.

Ile ya kwanza uliona. Kiarie akaitoa TV kwa boksi, akaiingiza kwa nyumba yake, ikabaki nafasi upande wa kulia, kiganja changu na vidole vitatu. Kila mtu akaangalia hiyo nafasi. Hapo ndipo nilijua kile Masinde alikuwa anachora hewani. Kumbe TV hupimwa kutoka pembe ya chini huku mpaka pembe ya juu kule! Mtu mwenye akili anapima hivyo? Godoro unalipima hivyo? Lakini mdomo wangu ukawahi kabla aibu haijafika. Nikasema, "Hapo ni pa Adhiambo." Nikatoa redio ya Dana yako dirishani, nikaisukuma pale, ikaingia kama ilipimwa. Mama Kiarie akapanguza macho. Wewe ukaniangalia vile huwa unaniangalia, mkaenda wote jikoni, naye Kiarie akatumwa soda.

Sasa hii ndiyo hukuona. Tulibaki mimi na Dedan. Akavua koti. Akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akaingiza kichwa nyuma ya stendi. Mimi nikaangalia dirisha. Bahati ni kwamba mashine zimemla masikio yeye pia, kwa hivyo tuliongea polepole, wazee wawili, hakuna mtu alisikia.

Akasema, "Mzee Phares, hii pembe ya nyuma ilikatwa na mtu anayeogopa msumeno. Na hii ya mbele ilikatwa na mtu aliyeacha kuogopa. Ni watu wawili?"

Nikasema, "Ni mmoja."

"Amefanya mbao miaka mingapi?"

Nikafungua mdomo niseme ishirini na minne. Ilikuwa hapo kwa ulimi, imevaa viatu tayari. Ikatoka, "Miezi mitatu."

"Na reli?"

"Reli nilifagia. Miaka ishirini na minne nilifagia maranda chini ya miguu ya mafundi."

Akapitisha mkono chini ya droo, akautoa, akauangalia kwa tochi. Akasema, "Ndiyo maana. Hakuna hata uzi mmoja wa maranda huku. Zangu huwa chafu chini, mama Kiarie hunigombeza mpaka leo." Akacheka. Akarudi tena ndani na tochi. Akaniita nipige magoti na mimi, anionyeshe ile pembe yenye hewa ingekatwa vipi. Goti likakataa, nikalilazimisha. Tukawa pale chini wawili, matako kwa mlango. Nafikiri ndivyo Kiarie alitukuta.

Akauliza, "Mtoto anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi asisikie kwangu."

Ndiyo hii sasa umesikia. Behewa sikujenga, hata moja. Zile mbao nne zilikuwa zawadi ya mafundi kwa mfagiaji. Walisema, Phares, na wewe utengeneze kitu. Dana yako alingoja kabati miaka ishirini na sita mpaka akaenda, na mimi nikawa na shughuli. Shughuli ilikuwa hiyo tu, ningeanza, angejua mimi si fundi.

Ukitaka talaka mlango uko wazi. Lakini stendi inabaki.

Phares


Lodwar
4 Januari 2026

Kwara wangu,

Mwaka mpya umetukuta wazima, na nimepata likizo ya Pasaka, huo ni ushindi. Mbuzi amezaa mapacha.

Kwanza, nyinyi wawili hamkuongea polepole. Mlikuwa mnapiga kelele kama makanga wa matatu za usiku. Mama Kiarie alikuwa anacheka ndani ya leso, mimi nimeshika birika nimesahau kumimina. Bulle wa lile duka la jirani aliniuliza kesho yake, "Kumbe mzee alikuwa mfagiaji?" Nikamwambia ndiyo, na aje aone stendi. Alikuja, sivyo? Ulifikiri amekuja kuona mpira.

Pili, mimi sikusikia kitu kipya. Siku Dana alishona mto wangu, alifungua mto wake mwenyewe akagawa maranda nusu kwa nusu. Akaniambia, "Haya babu yako aliyabeba kwa gunia kutoka reli, tulale mahali pororo. Ndiyo kazi yake, kuyafagia. Anafikiri sijui. Usimwambie, ataacha kuhadithia, na hii nyumba itakuwa kimya."

Kwa hivyo hukuwa na shughuli yoyote, Kwara. Na Dana hakuwa anangoja kabati. Alikuwa na mahali pazuri pa vitunguu.

Baba Kiarie anauliza kama utaenda Kariobangi Jumamosi, ana meza inayohitaji mtu mzima wa kuiangalia. Anza na ule mguu wetu wa kamba.

Nina ombi moja. Nihadithie tena ile ya mlango wa behewa. Na usipunguze.

Bibi yako mdogo, bado
Amondi


Jericho
18 Januari 2026

Amondi,

Salamu zitakuja na barua nyingine, hii ina haraka. Goti liko Kariobangi kila Jumamosi, mimi huwa nalisindikiza tu. Mguu wa meza umetoka kwa kamba. Meza sasa inasimama, ila imekuwa ndefu kidogo upande mmoja.

Umesema nisipunguze.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Mlango wa behewa la wakubwa umekataa kufunga. Mafundi kumi na wawili wameshinda nao tangu asubuhi mpaka saa nane, wamepiga randa, wamepiga nyundo, wametukanana kwa Kiluo, Kikamba na Kihindi. Treni inangojwa stesheni. Mkubwa amesimama pale, shingo imefura, anaangalia saa.

Na mimi niko nyuma yao wote na ufagio wangu, kwa sababu mafundi kumi na wawili wakipiga randa kutwa, mtu lazima afagie. Sasa ukifagia macho yako huwa chini, Amondi. Wao walikuwa wanaangalia mlango. Mimi nilikuwa naangalia kizingiti. Nikaona uzi mmoja wa maranda, mdogo, umejikunja kama sikio la panya, umekwama pale kwa bawaba ya chini.

Nikasema, "Mnipishe."

Wakacheka. Wakapisha.

Nikafagia mara moja tu. Pya! Ukafunga.